Kikohozi cha Pikipiki ya Mkunga

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu amenipa daftari hili. Anasema nina maneno mengi kuliko wateja, na mengine niyamwage humu ili masikio yake yapumzike. Haya, nayamwaga.

Pikipiki imefika. Ni mali ya zahanati, lakini mwendeshaji ni mke wangu, kwa kuwa mkunga wa kuwafuata wajawazito majumbani ni yeye peke yake. Nyekundu, mpya kabisa, kiti bado kina nailoni ya dukani. Niliacha suruali ya watu kwenye cherehani nikaenda kuizunguka kama mposaji. Yeye hakuzunguka kitu. Aliweka mkoba wake wa kazi nyuma, akaufunga, akapanda, akaiwasha, akavuta mafuta. Pikipiki ikakohoa, ikasita kama mtu aliyesahau anakwenda wapi, halafu ikaruka mbele. Kidogo imwage mkoba.

"Imeshtuka kukuona," nikamwambia.

"Haijashtuka. Inaumwa," akasema, akaondoka nayo hivyohivyo.

Jumatano, 5 Machi

Mvua imeanza. Mteja mmoja, zipu moja.

Jumamosi, 8 Machi

Ukisimama mlangoni pangu unaiona barabara ikishuka hadi korongoni, inapotea kwenye miti, kisha inatokea ng'ambo ikipanda mlima mkali. Ng'ambo huko ndiko anakoishi mdogo wangu wa kike na mumewe, mwashi. Mdogo wangu ana mimba. Mwaka jana pia alikuwa nayo, uchungu ukamshika mvua zikinyesha, na gari lililotumwa kumchukua likakwama hapo korongoni. Mtoto hakupona. Tangu siku hiyo mdogo wangu hacheki kwa sauti, naye zamani alikuwa akicheka hadi majirani wanauliza kulikoni.

Safari hii mke wangu amemwahidi: "Wifi, wewe nipigie simu tu. Nitafika." Ahadi hiyo ndiyo inayoninyima raha, maana chini kabisa ya korongo lazima uende polepole, kuna mawe na maji, halafu papo hapo uvute mafuta kwa nguvu upande mlima. Na hapo hasa ndipo pikipiki inapokohoa. Ukienda nayo mwendo mmoja barabarani ni nzima, huwezi kuamini. Ukivuta mafuta ghafla, inasita.

Aliipeleka kwa fundi wa pale kona, yule tunayemwita Hamna Shida kwa kuwa hajawahi kujibu kitu kingine. Fundi akaisikiliza, akapangusa mikono.

"Hamna shida, mama. Mpya zote ziko hivyo. Itazoea."

Aliyeiuza naye, kwa simu: itazoea. Mimi mwenyewe, mjuzi wa vyerehani, nikaunga mkono: itazoea tu, mama. Mke wangu akatutazama kwa zamu kama watoto waliovunja kikombe.

Ijumaa, 14 Machi

Leo ameanguka.

Nilikuwa napima mabega ya mzee mmoja nilipomwona anakuja kwa miguu, anaisukuma pikipiki, matope hadi shingoni. Nikamwacha mzee wa watu na pini mgongoni. Pikipiki ilikohoa korongoni, ikazimika katikati ya mawe, ikamlalia mguu. Wapita njia ndio walioinyanyua.

Nilimwaga maneno yangu yote. Nikasema pikipiki irudishwe, wampe mwanamume aiendeshe, wampe gari, wampe farasi, wampe chochote. Yeye wakati huo alikuwa amekaa kizingitini anavua viatu. Akaomba maji ya moto. Nikadhani ni ya kuoshea goti, maana damu ilikuwa inachuruzika. Kumbe aliosha kwanza vifaa vyake, kimoja kimoja, mkasi, vibanio, kile kipembe cha kusikilizia mtoto tumboni, akavipanga kwenye kitambaa safi. Ndipo akaosha goti.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza."

"Basi sikiliza, baba. Kwa miguu kule ng'ambo ni safari ya kutoa roho, na mvua hizi gari halishuki. Pikipiki ndiyo hii. Kama hakuna wa kuitibu, nitaitibu mimi."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Nimekaa na mwanamke huyu miaka na bado ananitia hofu ya heshima.

Jumapili, 16 Machi

Nilifikiri ataanza na bisibisi. Hakugusa hata nati moja. Ameanza na maswali, kama anavyofanya kwa mjamzito anayeingia mlangoni ameshika kiuno. Akanikalisha juu ya pikipiki hapo barazani, mvua inadondoka kwenye bati, yeye akachuchumaa karibu na injini.

"Ivute polepole." Nikavuta. Ikaimba vizuri.

"Iache. Sasa vuta ghafla." Ikakohoa.

"Tena." Ikakohoa.

"Iache ipoe." Akaenda kupika. Nikabaki nimekaa juu ya pikipiki iliyozimwa kama sanamu, majirani wananisalimia kwa adabu ya kuumbuana. Ilipopoa akarudi, tukaanza upya. Inaumwa ikiwa baridi? Inaumwa zaidi ikipata moto? Inaumwa tangu mwanzo wa kuvuta, au katikati?

Ndipo akavuta choki kidogo tu, ile ya kuwashia asubuhi, inayoipa injini petroli zaidi ya kawaida. "Vuta ghafla."

Nikavuta. Haikukohoa! Nikavuta tena nikidhani nimekosea. Ikaitikia mkono wangu papo hapo.

Mke wangu akasimama, magoti yakalia. "Ina njaa," akasema. "Ukiilisha inanyamaza. Petroli haitoshi pale inapoombwa kwa haraka." Akaifungua plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha petroli, akanionyesha ncha yake: nyeupe pe, kama chaki. "Angalia. Haina damu."

Hamna Shida alikuwa amesikia mlio akaja kusimama na mwavuli. Nilitegemea atanuna. Badala yake akaitazama ile plagi, akamtazama mke wangu, akasema, "Mama, hapo mimi sikufika. Njoo kwangu, kuna bati kubwa na koleo. Tuifungue." Kabla ya leo nilikuwa namwona huyu bwana ni domo tupu. Nimemkosea.

Alhamisi, 20 Machi

Kila jioni robo mzunguko. Ubavuni mwa kabureta, kile kikombe kinachochanganya petroli na hewa, kuna skrubu ndogo inayopima petroli injini inapokwenda polepole. Hamna Shida alitaka abadilishe hiki na kile kwa mpigo. Nikaingilia, maana hapo nina sauti. Uzi wa cherehani ukikaza usiguse vitu viwili. Gusa kimoja, kisha ushone kwenye kitambaa kilekile, uone mshono umesemaje. Mke wangu akanitazama kwa namna ambayo sijaiona tangu uchumba.

"Sikia fundi wetu," akasema. Basi sasa kitambaa chetu ni kile kilima cha nyuma ya soko. Anageuza robo, anapanda, anarudi, anatikisa kichwa. Imepata nafuu, haijapona.

Jumamosi, 22 Machi

Leo wameifungua kabureta yenyewe. Ndani, amini usiamini, mna sindano! Ndefu, nyembamba, ya shaba, imening'inia katikati, na inapanda kila unapovuta mafuta ili petroli ipite chini yake. Miaka yote hii nimeishi na sindano nisijue nina ndugu huko. Shingoni ina mikato ya kupangia kipini, kichuma kidogo kinachoishikilia, kama matundu ya mkanda. Kipini kikishushwa tundu moja, sindano inaning'inia juu zaidi, na petroli inapita kwa wingi zaidi.

Mke wangu akakishika kipini kwa kibanio. Kikaruka. Kitu kidogo kuliko punje ya mchele, kikaruka hewani mbele ya macho yetu, kikaangukia kwenye sakafu ya Hamna Shida, ambayo ni mafuta machafu, mchanga, na nati za pikipiki zilizokwisha kusahauliwa.

Fundi akasema, na hii nitaikumbuka: "Hapo sasa kuna shida."

Nikakimbia nyumbani. Nina sumaku yangu ya kuokotea pini, nimeifunga kwa utepe. Nikarudi nayo nahema, nikapiga magoti kwa suruali yangu nzuri, nikaiburuta sakafuni kipande kwa kipande. Ikaokota misumari, ikaokota nati, ikaokota vumbi la chuma hadi ikaota ndevu. Na ndani ya ndevu, kipini!

Mke wangu akakichukua, akakiosha kwa petroli, akakirudisha, tundu moja chini. Wakafunga, akaiwasha, akapanda nayo kile kilima, na safari hii tuliisikia ikivutwa kutoka chini kabisa. Haikusita. Sauti moja, nene, hadi juu. Hamna Shida akatupa kitambaa chake hewani. Mke wangu akashuka anacheka peke yake juu ya pikipiki, mvua imemlowesha, na mimi nikajiona ni mtu niliyebarikiwa.

Jumamosi, 29 Machi

Nzima. Anapita korongoni kila siku. Mdogo wangu amesema anaisikia ikipanda upande wao.

Jumatano, 2 Aprili

Nimemshonea mke wangu zawadi. Turubai jepesi la buluu, joho la pikipiki kutoka kiti hadi ubavuni, ili matope yasiruke kwenye mkoba wake. Nimelipiga pindo mara tatu na kulisukuma ndani kabisa chini ya kiti, lisionekane hata uzi. Fundi anayeacha mshono wazi si fundi. Limekaa kama pikipiki imezaliwa nalo. Mke wangu amelipapasa, akasema, "Watu wataniita bibi harusi." Lakini niliona amefurahi.

Jumatatu, 7 Aprili

Kikohozi kimerudi.

Jumatano, 9 Aprili

Kimezidi. Si kile cha mwanzo tu, sasa inabanja kikohozi kama mzee, inatoa na moshi mweusi. Mvua haikati. Mke wangu anadhani maji yameingia kwenye petroli. Wamemwaga tenki lote kwa Hamna Shida, wametia petroli mpya. Vilevile.

Ijumaa, 11 Aprili

Mdogo wangu miguu imevimba. Mke wangu ameenda kumpima leo kwa miguu, kwa kuwa hakuthubutu kuipeleka pikipiki korongoni. Alipitia njia ya juu, ya miguu tu, inayolizunguka korongo, akarudi giza linaingia, midomo imekauka, akakaa kwenye kiti cha wateja akalala akiwa amekaa. Nilimvua viatu. Nyayo zilikuwa zimekunjamana kwa maji.

Nilijisikia mnyonge. Nimeshona nguo za watu wote wa mtaa huu, na kitu pekee ambacho mke wangu anakihitaji siwezi kukishona.

Jumamosi, 12 Aprili

Tumegombana. Nilisema aachane nayo, imeshindikana, mdogo wangu aletwe alale kwetu. Akasema mwenye mimba amekataa, ameapa kwamba hashuki tena lile korongo akiwa na uchungu wala bila uchungu, na yeye kama mkunga hana haki ya kumlazimisha. Nikasema basi wewe ni mkaidi na yeye ni mkaidi. Akasema, "Na wewe unapiga kelele." Ilikuwa kweli.

Jumapili, 13 Aprili

Asubuhi amenikalisha tena juu ya pikipiki. Nikadhani tunaanza yaleyale, nikakaa kitako.

"Vuta ghafla." Ikabanja. Akavuta choki kidogo. "Vuta." Injini ikafa kabisa.

Akaifungua plagi. Mwezi uliopita ilikuwa nyeupe, leo nyeusi tii, masizi matupu. Akaishika mbele ya mwanga muda mrefu.

"Si ugonjwa ule," akasema. "Ule ulikuwa njaa. Huu ni kuvimbiwa. Inapata petroli kuliko inavyoweza kuila." Halafu akanigeukia na ile sauti yake ya zahanati, ya upole, inayomfanya mtu mzima aseme kila kitu. "Mara ya mwisho ilikuwa nzima lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Na tangu hapo nini kimebadilika?"

"Hakuna. Mvua tu. Hakuna aliyeigusa ila wewe na..." Nikaona macho yake yakishuka taratibu, yakapita kwenye tenki, yakatua kwenye turubai langu la buluu. Nikaona mkono wake ukiingia chini ya kiti, ukilifuata lile pindo langu la mara tatu lililosukumwa ndani kabisa lisionekane. Huko chini ya kiti, nimeonyeshwa leo, kuna mdomo. Ndipo injini inapovutia hewa.

Nilikuwa nimeiziba pua, kwa ufundi wa hali ya juu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilifikiri kuhusu nyayo zake zilizokunjamana. Na yeye akakaa chini kwenye matope ya uani, akashika mbavu, akacheka. Alicheka hadi akatoa machozi, hadi jirani akachungulia ukutani. "Baba," anasema, "baba, mshono haukuonekana!" na anaanza upya.

Nikachukua mkasi nikalikata lile joho hadi likabaki kitambaa cha kiti. Ikawashwa. Ikavutwa. Ikaitikia papo hapo.

Mwingine angenisimanga hadi uzeeni. Jioni alichosema ni hiki tu: "Ungeniacha nilowe matope bila kujali, hapo ndipo nisingekuwa na mume." Nimeandika kama alivyosema.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Sketi za shule.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Anaiacha pikipiki imeelekea barabarani, mkoba umekwisha kufungwa.

Alhamisi, 24 Aprili

Simu ilipigwa mchana, mvua ikiwa imeziba kila kitu. Alikuwa shemeji, yule mwashi, ambaye huwa haongei. Alisema, "Uchungu umemshika. Na umekuja kwa kasi." Mke wangu hakukata hata simu, alinipa mimi, akavaa koti huku anatembea.

"Nikusindikize?" nikauliza, swali la kijinga.

"Utaongeza uzito," akasema, akaondoka.

Nikabaki mlangoni na tepe shingoni. Niliiona taa nyekundu ya nyuma ikishuka barabara, polepole, ikiyumba kidogo, ikaingia kwenye miti. Sikuona tena kitu. Nikawa naisikiliza. Mvua kwenye bati ilikuwa kubwa, nikatoka nje kabisa niisikie vizuri. Injini ikashuka sauti, ikawa ya kunguruma tu. Yuko kwenye mawe. Nikaihesabu njia kichwani, jiwe kubwa, maji, jiwe bapa pale alipoangukia. Sauti ikapotea. Nakiri niliomba kwa sauti, barabarani, mteja akinitazama kutoka dirishani.

Halafu ikavutwa. Nene, moja, bila mkato, ikapanda kama kitambaa kizuri kinavyochanika, hadi juu ng'ambo, ikanyamaza. Mguu wangu mmoja ulikuwa kwenye dimbwi na sikujua.

Sikuweza kushona. Nilitia uzi sindanoni mara nyingi na kuutoa. Simu ilipolia nilishindwa kuibonyeza. Alikuwa yeye.

"Wa kike," akasema. "Na mama yake mzima." "Nilimkuta mtoto kichwa kimeshatoka. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingo. Nilikifungua. Baba, ningechelewa kidogo tu pale chini..." Tulikaa kwenye simu tunasikiliza kilio cha mtoto.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua imekata asubuhi. Nimekwenda ng'ambo kwa miguu, kwa njia ya juu. Shemeji alinipokea mlangoni, akanishika mkono hakuuachia. Mke wangu amelala kwenye mkeka pembeni ya kitanda, viatu vyake miguuni. Pikipiki iko nje, matope hadi kwenye taa, na hakuna bibi harusi aliyewahi kupendeza machoni pangu kama ile.

Mdogo wangu alikuwa ameegemea mto. Akaniambia kwa sauti ndogo ili asimwamshe wifi yake.

"Kaka, nilikuwa nimejizuia. Niliogopa kusukuma peke yangu, kama ile mara ya kwanza. Nikawa nasikiliza barabara. Nilijua ikifika pale chini itakohoa, nami nitajua amekwama. Haikukohoa. Nikaisikia inapanda tu. Nikasema basi, amefika, nikaacha kujizuia."

Nilimtazama mke wangu kwenye mkeka. Mdomo wazi, matope ya korongo bado yako kwenye viatu vyake. Sijui wengine wanaowapenda wake zao wanafanyaje katika hali kama hiyo. Mimi nilimfunika kwa shuka nikamwacha alale.

"Mpime mwanao basi," mdogo wangu akasema. "Hana hata nguo moja. Tuliogopa kununua."

Nikavua tepe shingoni. Nimepima vifua vya watu wanene kwa wembamba, wazee kwa vijana, lakini kidogo namna hii sijawahi. Nikaizungusha taratibu chini ya makwapa, nikakutanisha ncha mbele. Kabla sijasoma namba ikasogea. Akavuta pumzi, tepe ikafunguka vidoleni mwangu, akashusha pumzi, ikajifunga. Mdogo wangu akaniuliza ni ngapi, nikamwambia anisubiri, bado nampima.